Kufanya utafiti na Wahadzabe, Waogiek au Wamaasai: uanzie wapi, umalizie wapi

Kila mwaka, proposo zinapokaribia kupitishwa, maswali huwa yale yale. Nikishapata kibali cha serikali, ridhaa nyingine ya nini? Nani asaini kwa niaba ya jamii isiyo na chifu? Posho nitoe kiasi gani? Mkalimani nimpate wapi? Nimeyapanga majibu hapa kwa ajili yako wewe mwanafunzi wa uzamili au uzamivu, Tanzania au Kenya, unayetaka kufanya kazi na jamii za wawindaji, warina asali au wafugaji. Mtafiti wa nje anayekuja kwa ubia na chuo cha hapa naye afuate hatua hizi hizi.

Kuna jambo moja la kulishika kabla ya yote: jamii iingie kwenye utafiti wako wakati swali bado linaweza kubadilika. Ukifika na dodoso lililokwisha kuchapwa, kilichobaki ni kuwaomba wakujazie karatasi. Ndivyo ilivyokuwa tangu enzi za Mjerumani na Mwingereza: mtu anakuja, anapima vichwa, anapiga picha, anabeba vitu, anaondoka. Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, ni watu elfu moja na ushee tu, lakini majarida makubwa ya dunia yameandika chakula chao, usingizi wao, mwendo wao porini, hata bakteria wa matumboni mwao. Mzee wa Yaeda Chini, kijiji kimoja cha huko, akikuuliza hayo yote yamewasaidia nini katika kuilinda ardhi yao, anataka jibu, na anayo haki ya kulipata.

VITU VYA KUWA NAVYO KABLA HUJAANZA

Muda. Miezi mitatu ya kukusanya data haitoshi. Tenga safari nzima ya kusikiliza kabla proposo haijapitishwa.

Msimamizi aliyekubali mapema kwamba swali linaweza kubadilika. Zungumza naye sasa. Ukingoja urudi kutoka kijijini, atakuambia kamati imeshapitisha kichwa cha tasnifu na hakiguswi.

Bajeti yenye mafungu manne ambayo wengi huyasahau: malipo ya watafiti wenza wa kijijini, malipo ya mkalimani, safari ya mrejesho, na gharama za kurekodi au kuchapa matokeo kwa lugha ya jamii. Fungu la mrejesho likikosekana kwenye bajeti, mrejesho hautafanyika. Usijidanganye kwamba utachangisha baadaye.

Mwenyeji wa kukutambulisha. Kwa upande wa Wahadzabe na wafugaji wa kaskazini mwa Tanzania, shirika la UCRT (Ujamaa Community Resource Team) limefanya nao kazi ya ardhi kwa miaka mingi. Kwa Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya, kuna OPDP, shirika lao wenyewe, lililoko upande wa Nakuru. Waandikie mapema, eleza unachowaza, kisha waulize kama wakati unafaa.

Nyaraka mbili za kusoma. Ya kwanza ni Azimio la Umoja wa Mataifa la Haki za Watu wa Asili la tarehe 13 Septemba 2007. Tanzania ililipigia kura ya ndiyo, Kenya haikuegemea upande wowote. Ya pili ni kanuni za maadili ya utafiti ambazo Wasan, jamii ya asili ya wawindaji wa Afrika Kusini, walizitoa mwaka 2017, ambazo nitazirudia huko mbele.

HATUA

1. Soma kwanza yaliyokwisha kuulizwa

Tafuta makala na tasnifu zote zilizoandikwa kuhusu jamii hiyo, kisha uorodheshe maswali waliyokwisha kuulizwa. Kama watu wameshahojiwa mara nyingi kuhusu lishe yao, usiende kuwauliza tena walikula nini jana. Angalia pia nani alitajwa kama mwandishi na kama jamii ilipata nakala. Hii ni kazi ya maktaba, wiki chache zinatosha.

Jifunze na majina. Mwite mtu kwa jina analojiita mwenyewe: Mhadzabe na Mwogiek. Watindiga na Wandorobo ni majina waliyopachikwa na wengine, na ukiyatamka siku ya kwanza umeshaharibu.

2. Nenda ukasikilize, mikono mitupu

Safari hii haina dodoso, haina kinasa sauti, haina fomu ya ridhaa. Unakwenda kujitambulisha, kueleza unasoma nini, na kuuliza: kuna jambo gani ambalo nyinyi mngependa lijulikane? Watafiti waliopita waliwaacha na nini? Nini hamtaki kiulizwe?

Majibu yatakushangaza. Ulikuja na swali la mimea ya dawa, wao wanataka kujua visima vinakauka kwa nini tangu mashamba ya vitunguu ya Mang'ola yaanze kuvuta maji mengi. Ulikuja kuuliza mila za ndoa, wao wanataka mipaka ya msitu ichorwe kabla wazee wanaoikumbuka hawajafariki. Andika yote. Ukirudi chuoni, kaa na msimamizi wako mtafute swali ambalo linabeba haja yao na linatosha kuwa tasnifu. Mara nyingi lipo.

Mfano mzuri uko Nessuit, karibu na Njoro. Mwaka 2006 Waogiek walijenga ramani ya umbo la sehemu ya Mau, milima na mabonde yakiwa yameinuka, na wazee wakaweka juu yake majina ya mito, vilima na maeneo ya koo. Wataalamu walileta mbinu, wenyeji wakaleta maarifa, na kilichopatikana kilikuwa kitu ambacho Waogiek walikihitaji wenyewe katika madai yao ya ardhi. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwaondoa Mau, na mwaka 2022 ikatoa uamuzi wa fidia. Jamii iliyopigania msitu wake hadi huko haihitaji mtafiti wa kuja kuwaeleza wao ni nani. Inaweza kuhitaji mtu mwenye ujuzi wa ramani, wa sheria, wa maji au wa kuhifadhi sauti za wazee. Jiulize wewe una ujuzi gani.

Onyo: usiahidi kisima, shule wala zahanati. Sema wazi kwamba wewe ni mwanafunzi na uwezo wako ni huu na huu.

3. Jua ni nani anayeamua

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tanzania ina mfumo unaoeleweka: mwenyekiti wa kitongoji, mtendaji wa kijiji, halmashauri ya kijiji, mkutano mkuu wa kijiji. Huwezi kuuruka, na hupaswi kuuruka. Lakini katika vijiji vingi vya bonde la Eyasi Wahadzabe ni wachache miongoni mwa wakulima na wafugaji waliohamia. Mkutano mkuu ukipiga kura ya kukukaribisha, huenda hakuna Mhadzabe hata mmoja aliyenyoosha mkono. Muhuri wa kijiji unakuruhusu kuwapo kijijini. Ridhaa ya Wahadzabe inabaki kuwa safari nyingine.

Na Wahadzabe hawana chifu. Kila kambi inajiamulia, na hata kambini hakuna mtu wa kuwaamrisha wenzake. Akitokea kijana mchangamfu mwenye Kiswahili kizuri, anayewazoea watalii, akakuambia "mimi ndiye kiongozi wao, ongea na mimi", mshukuru, kisha endelea kukaa na watu. Pita kambi moja moja. Zungumza na wanawake kando, kwa sababu wao ndio wachimbaji wa mizizi na wachumaji wa matunda, na wana yao ya kusema ambayo hutayasikia mbele ya wanaume. Watu wakianza kukupungukia, ukifika asubuhi ukaambiwa wengi wamekwenda porini, na kesho vivyo hivyo, elewa kwamba umejibiwa. Si kila hapana hutamkwa.

Kwa Wamaasai hali ni tofauti. Kuna viongozi wa rika, kuna wazee wa koo, kuna malaigwanani, yaani viongozi wa mila. Uliza utaratibu wa mahali hapo, usiuchukue ulioukuta kwenye kitabu cha miaka ya 1960. Kwa Waogiek kuna mabaraza ya wazee, lakini ndani ya Mau kuna makundi yenye misimamo tofauti kuhusu mashamba na msitu. Ukikumbatiwa na upande mmoja tu, utafiti wako utasomwa kama tamko la upande huo.

Onyo: katika maeneo yenye mgogoro wa ardhi, kama Loliondo, Ngorongoro na Mau, idadi ya kaya, ya mifugo au ya maboma ni habari nzito. Inaweza kutumika kuhalalisha kuwaondoa watu. Usihesabu chochote ambacho hukukubaliana nao kukihesabu, na usishangae wakikuuliza mara tatu umetumwa na nani.

4. Fuata vibali

Tanzania: uliza kwanza ofisi ya utafiti ya chuo chako, kwa kuwa baadhi ya vyuo vina mamlaka ya kutoa kibali kwa wanafunzi wao. Watafiti wa kigeni hupitia COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Utafiti wa afya au sampuli za mwili unakwenda NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu), wa wanyamapori TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), na ukiwa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro kuna mamlaka yake. Kisha barua inashuka: Katibu Tawala wa Mkoa, Katibu Tawala wa Wilaya, Mkurugenzi wa Halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Beba nakala nyingi.

Kenya: idhini ya kamati ya maadili, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu), kisha ofisi za kaunti hadi kwa chifu. Soma pia sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi. Ukigusa maarifa ya jamii kuhusu mitishamba, mbegu au nyuki, tayari inakuhusu.

5. Andikeni makubaliano kabla ya swali la kwanza

Kurasa mbili au tatu, Kiswahili rahisi, yasomwe kwa sauti kwenye lugha ya jamii. Yawe na haya: swali la utafiti, nani analipwa nini, nini hakitarekodiwa, data itakaa wapi na nani anaweza kuifungua, sampuli zitafanyiwa nini na zitarudishwa au kuteketezwa lini, matokeo yatasomwa kwanza na nani, majina gani yatatokea kwenye makala, kukiwa na faida ya kibiashara igawanywe vipi, na jamii ikitaka kusitisha, ifanyeje.

Kipengele cha sampuli usikipitie haraka. Miaka ya 1990 Wahavasupai, watu wa asili wa Marekani wanaoishi ndani ya bonde la Grand Canyon kule Arizona, waliwapa damu watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State wakijua inatafitiwa kisukari, ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza. Baadaye wakagundua kwamba damu ile ile ilitumika kuchunguza magonjwa ya akili, kuoana kwa ndugu, na asili ya mababu zao, mambo ambayo hawakuambiwa. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2010 chuo hicho kilikubali kuwalipa watu 41 jumla ya dola 700,000 na kuwarudishia damu yao. Kwa hiyo neno "utafiti mwingine wa baadaye" likiwa kwenye fomu yako, lifute. Andika utafiti huu tu. Ukitaka mwingine, urudi ukaombe.

Wasan nao walifika kwenye kanuni zao baada ya kuchoka. Mwaka 2010 ilichapishwa jenomu, yaani mpangilio kamili wa vinasaba, ya wazee wa Kisan kutoka Namibia, na viongozi wa Wasan wakalalamika kwamba hawakushirikishwa na kwamba makala ilikuwa na mambo ya siri. Kanuni za 2017 zinadai heshima, ukweli, haki na kujali, na zinataka mtafiti apitie utaratibu wao kwanza. Zichukue kama kielelezo cha kuwaonyesha wenyeji wako, kisha waache watunge za kwao. Usizinakili ukaziita za Wahadzabe.

6. Ajiri watu wa jamii kama watafiti, na uwalipe hivyo

Tafuta wawili au watatu, mwanamke awemo. Wafundishe mbinu, nao wakufundishe namna ya kuuliza. Maswali mengi ya dodoso zetu hayana adabu yakitafsiriwa. Wao ndio watakuambia kwamba huwezi kumwuliza mtu idadi ya watoto wake waliofariki hivi hivi, au idadi ya ng'ombe wake mbele ya wageni.

Mkalimani asiwe mtendaji wa kijiji, asiwe askari wa wanyamapori, asiwe mwongoza watalii anayetegemea kambi hizo kwa kipato. Mtu hawezi kueleza shida ya uwindaji kupitia mdomo wa anayeweza kumkamata.

Posho iwe ya kiasi kinachofanana na kibarua cha siku mahali hapo, na ijulikane wazi kwa wote. Uliza kama wanapendelea fedha, unga, au malipo kwenye mfuko wa pamoja wa matibabu au ada. Pombe isiwe malipo kwa namna yoyote. Fedha za wageni zimeshaleta ulevi wa kutosha kwenye kambi zilizo karibu na barabara. Tena usije kuwakalisha watu kwenye mahojiano msimu wa asali umepamba moto.

7. Kusanya data, na ujue pa kuacha

Ridhaa ya jamii haiondoi ridhaa ya mtu mmoja mmoja. Kwa asiyesoma, ridhaa ya mdomo mbele ya shahidi aliyemchagua mwenyewe ni bora kuliko alama ya dole gumba kwenye karatasi ya Kiingereza. Iulize tena kila unaporudi.

Yapo mambo ya kusikia na kutoyaandika. Kwa Wahadzabe, nyama ya epeme, yaani sehemu za mnyama zenye mwiko, na yanayoambatana nayo ni ya wanaume waliokwisha kuingizwa katika siri hiyo, wanawake hawapaswi kuyajua. Mzee akikuamini akakuonyesha, hajakupa ruhusa ya kuyachapisha. Vivyo hivyo kwa maeneo ya matambiko, mimea ya dawa na miti yenye mizinga: usitoe vipimo vya GPS kwenye makala. Weka jina la eneo pana tu. Picha za watoto na za watu wakiwa uchi kiasi zibaki kwenye simu za wenyewe, zisiwe kwenye slaidi zako.

8. Rudisha matokeo kabla hayajafungwa

Rudi na rasimu. Soma kwa sauti sehemu zinazowahusu, kipande kwa kipande, uwaulize wapi umekosea. Wakikuambia jambo fulani litawaletea matatizo, liondoe au libadilishe. Wasipokubaliana na tafsiri yako ya jambo, andika yako na yao, zote mbili, kila moja na mwenyewe.

Kisha toa matokeo kwa namna inayotumika huko: sauti iliyorekodiwa kwa Kihadza au Kimaa, bango la picha, ramani kubwa ya turubai, kipindi cha redio ya jamii. Simanjiro kuna redio ya ORS pale Terrat inayosikilizwa na wafugaji. Nakala za Kiswahili zifike shuleni, ofisi ya kijiji na kwa wenyewe mkononi. Muhtasari wa Kiingereza uliotumwa kwa barua pepe ya halmashauri hatuuhesabu.

9. Majina na mahali pa kutunzia

Waliofanya kazi ya utafiti waandikwe kama waandishi wenza, wakitaka. Jarida likigoma kuweka jina la jamii kama mwandishi, dai hivyo hivyo, au tafuta jarida jingine. Maneno "tunawashukuru wenyeji" mwishoni mwa makala ni kidogo mno kwa mtu aliyekupa maarifa ya miaka sitini.

Rekodi za sauti na picha zitengenezewe nakala mbili: moja chuoni yenye masharti, moja kwa jamii au shirika walilolichagua. Mataifa ya asili ya Kanada yamekuwa na kanuni tangu 1998 kwamba umiliki, udhibiti, ufikiaji na utunzaji wa data ni wao. Misingi ya CARE ya mwaka 2019, inayohusu usimamizi wa data za watu wa asili, imelieneza wazo hilo duniani. Tanzania sheria ya kulinda taarifa binafsi ni ya 2022, Kenya ni ya 2019, ila zote mbili zinamlinda mtu mmoja mmoja. Haki ya jamii nzima juu ya maarifa yake uiandike wewe kwenye makubaliano.

Kama chuo chako au chuo mbia kina vitu vya zamani vya jamii hiyo, sema. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai kutoka Tanzania, alitembelea jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford, akakuta vitu vya Wamaasai ambavyo havikupaswa kutoka mikononi mwa familia, maana hurithiwa tu. Toka hapo yakaanza mazungumzo ya miaka kadhaa kati ya jumba hilo na Wamaasai wenyewe. Yalianza kwa sababu mtu alifika na kujionea mwenyewe.

MAMBO YAKIKWAMA

Kamati ya maadili inataka fomu iliyosainiwa na "kiongozi wa jamii". Andika barua ya kueleza kwamba jamii haina kiongozi wa namna hiyo, ambatanisha utaratibu wa ridhaa kambi kwa kambi na majina ya mashahidi. Kamati nyingi hukubali zikielezwa vizuri. Zisipokubali, mwombe msimamizi aje mfike pamoja.

Msimamizi anasema swali la jamii si la kitaaluma. Mletee makala tatu za taaluma yako zilizoanzia kwenye swali la namna hiyo. Akiendelea kukataa, gawa kazi: sura moja ya tasnifu ibebe swali lao, na ripoti ya pembeni ibebe mengine.

Watu wamechoka na watafiti, hawataki kuzungumza. Waache. Uliza kama kuna kazi unayoweza kuwafanyia kwa data zilizokwisha kukusanywa na wengine, kwa mfano kutafuta makala zote zilizoandikwa juu yao, kuzifupisha kwa Kiswahili na kuwapelekea. Hiyo nayo inaweza kuwa tasnifu.

Kambi imegawanyika, nusu wanakutaka, nusu hawakutaki. Usifanye kazi na nusu inayokutaka ukaiita kambi nzima. Subiri wazungumze wenyewe, hata kama msimu utapita.

Ofisa anataka data ghafi zenye majina. Mwonyeshe kibali na makubaliano, mpe muhtasari usiotaja watu, kisha wajulishe chuo na jamii siku hiyo hiyo. Ndiyo maana orodha ya majina haitembei kwenye daftari moja na majibu: itunze kando, imefungwa kwa nywila, tangu siku ya kwanza.

Fedha za mfadhili zimekwisha kabla ya mrejesho. Rekodi muhtasari wa sauti kwa lugha ya jamii ukiwa na mtafiti mwenza, utume kwa simu zao na kwa redio, huku ukiwaambia lini utafika mwenyewe. Kisha omba chuo kikuruhusu uhamishe fungu jingine lililobaki, kabla hujawasilisha tasnifu, maana baada ya mahafali hakuna atakayekusikiliza.

Jamii imesitisha utafiti katikati. Simamisha siku hiyo. Rudisha au futa data kama mlivyoandikiana, na kwenye tasnifu eleza kilichotokea bila kuwalaumu. Sura ya namna hiyo itamfaa sana mwanafunzi atakayekuja baada yako.